Wiki 11 Bila Mgao: Uchambuzi wa Kisa cha Fedha za Kaunti Kenya, 2019

Mjadala wa majimbo huanzia kwenye madaraka na mara nyingi huishia hapohapo: nani asimamie hospitali, nani abaki na polisi, gavana achaguliwe au ateuliwe. Kisa hiki ni cha mwaka ambao hayo yote yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Majukumu yalishagawanywa, viongozi walishachaguliwa, bajeti zilishasomwa, na bado kuanzia Julai 1 hadi katikati ya Septemba 2019 kaunti 47 za Kenya zilikaa bila mgao wa mwaka mpya wa fedha. Mabunge mawili, Bunge la Kitaifa na Seneti, yalishindwa kukubaliana tarakimu moja, na hapakuwa na kanuni iliyosema wazi kaunti ziishi vipi wakati mvutano ukiendelea.

Majina ya wanasiasa na maafisa yameondolewa, kwa kuwa mfumo huu ungekwama vilevile hata viti hivyo vingekaliwa na watu wengine. Kaunti ya mfano humu ndani imepewa asilimia 2 ya mgao ili hesabu zifuatike kwa urahisi. Tarakimu zake ni za kukokotoa. Za kitaifa ni za sheria na nyaraka za umma.

Usuli

Kenya si shirikisho kwa jina. Katiba ya 2010 inauita mpangilio wake ugatuzi, na Ibara ya 6 inasema serikali za ngazi mbili ni tofauti na zinategemeana. Lakini ukizitazama sehemu zake zinazofanya kazi, nyingi ni za mfumo wa shirikisho: ngazi mbili, kila moja ikichaguliwa na watu wake, orodha ya majukumu katika Jedwali la Nne, bunge la pili la kutetea maeneo (Seneti), na mahakama ya kuamua ngazi hizo zikigombana. Kinachokosekana ni kodi kubwa. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT), kodi ya mapato na ushuru wa forodha hukusanywa na serikali ya kitaifa. Kaunti zina kodi ya ardhi, leseni za biashara, maegesho ya magari, ada za soko na malipo ya hospitali. Katika mwaka wa fedha wa 2018/19 kaunti zote 47 zilikusanya zenyewe kama Sh bilioni 40, na mgao uliotoka Nairobi mwaka huohuo ulikuwa Sh bilioni 314. Ukizichanganya, katika kila shilingi tisa, nane zilikuwa za mgao.

Kenya ilishawahi kujaribu njia hii. Katiba ya uhuru ya 1963 ilianzisha majimbo saba yenye mabaraza yake, pamoja na Eneo la Nairobi na Seneti. Majimbo hayo hayakuuawa kwa pigo moja. Serikali kuu ilisitasita kuyakabidhi majukumu na fedha, chama kilichoyatetea, KADU, kikavunjwa Novemba 1964, nchi ikawa jamhuri Desemba 12 mwaka huo, na Seneti ikamezwa na Bunge mwaka 1966. Mfumo ulikufa kwa njaa kabla haujafutwa kwa maandishi. Ukiijua historia hiyo utaelewa kwa nini Ibara ya 203 ya Katiba ya sasa inaweka sakafu ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kwa nini Ibara ya 219 inaagiza mgao wa kaunti upelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu na bila kukatwa.

Sakafu hiyo ina udhaifu ambao watu wengi hawauoni mpaka siku wanapoihitaji. Asilimia 15 inahesabiwa kwa mapato yaliyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Mwaka 2019 hesabu za karibuni zaidi zilizokuwa zimefika hatua hiyo ni za 2014/15, kidogo juu ya Sh trilioni 1. Asilimia 15 yake ni kama bilioni 156. Kila tarakimu iliyogombaniwa mwaka huo ilikuwa mara mbili ya hiyo hivi, au zaidi. Kinga iliyowekwa katika Katiba ilikuwa chini mno kumkinga mtu.

Safari ya shilingi

Bila kuijua safari hii, kisa chote kitaonekana kama ugomvi wa wanasiasa tu.

Hatua ya kwanza ni Mswada wa Ugavi wa Mapato. Huu unaligawa fungu zima: taifa hiki, kaunti kile. Ukishakuwa sheria, unafuata Mswada wa Ugavi wa Mapato ya Kaunti, unaoligawa fungu la kaunti kati ya kaunti 47 kwa fomula. Fomula iliyotumika wakati huo ilizipa kaunti asilimia 45 kwa idadi ya watu, 26 kwa fungu lililo sawa kwa kila kaunti, 18 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi, 2 kwa juhudi za kukusanya mapato na 1 kwa pengo la maendeleo. Kisha Seneti inaidhinisha ratiba ya mwezi kwa mwezi. Ndipo Hazina ya Kitaifa inaomba fedha, Msimamizi wa Bajeti anaidhinisha kutolewa kwake, na Benki Kuu inazihamisha kutoka mfuko mkuu wa serikali hadi akaunti ya mfuko wa mapato wa kaunti, iliyo katika Benki Kuu hiyohiyo.

Hapo pesa ni za kaunti lakini bado haziguswi. Kaunti inaandika ombi lake kwa Msimamizi wa Bajeti, ikiambatisha sheria yake ya matumizi, mchanganuo wa malipo na taarifa ya jinsi fedha zilizotangulia zilivyotumika. Likikubaliwa, fedha zinahamia akaunti ya matumizi ya kawaida au ya maendeleo, malipo yanapitishwa katika IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali, na muuguzi anaona ujumbe wa benki kwenye simu yake. Karatasi moja ikikosekana, ombi zima linarudishwa.

Hata pesa ndogo zinapita njia hiyo. Mgonjwa analipa kadi dirishani asubuhi. Katika kaunti nyingi wakati huo malipo yale hayangeweza kununua glovu mchana. Yalipelekwa benki, yakaingia mfuko wa mapato wa kaunti, na hospitali ikasubiri foleni pamoja na idara nyingine zote. Sheria ya kuziruhusu hospitali za umma nchini kote kubaki na makusanyo yao ilikuja 2023.

Yaliyotokea

Mapema 2019 Hazina ya Kitaifa ilipendekeza kaunti zipewe Sh bilioni 310 kwa mwaka wa 2019/20, yaani bilioni 4 chini ya mwaka uliotangulia. Tume ya Ugavi wa Mapato, chombo huru kilichoundwa na Katiba kwa kazi hiyohiyo, ilipendekeza bilioni 335.67. Bunge la Kitaifa lilipitisha 310. Seneti ikabadilisha kuwa 335.67. Kama Ibara za 112 na 113 zinavyoagiza, kamati ya upatanishi yenye wajumbe sawa kutoka kila bunge ikaundwa. Wajumbe hawakuelewana. Ikifika hapo Katiba haina huruma: kamati isipokubaliana maandishi ya pamoja ndani ya siku 30, mswada umekufa, na kazi inaanza upya.

Mswada wa kugawana mapato ukiwa bado haujawa sheria, Bunge la Kitaifa lilipitisha Juni sheria ya matumizi ya serikali ya kitaifa, nayo ikatiwa sahihi. Julai 1 wizara zikaanza mwaka zikiwa na ruhusa ya kutumia fedha. Kaunti zikaanza mwaka huohuo zikiwa na bajeti zilizoandikwa kwa tarakimu ya kubahatisha.

Julai ilipita kwa miswada miwili pinzani, kila bunge likidai lake ndilo halali. Magavana walitembea kwa miguu hadi Mahakama ya Juu na kuomba ushauri chini ya Ibara ya 163. Agosti ikapita. Katikati ya Septemba mabunge yalikubaliana Sh bilioni 316.5, Rais akatia sahihi, na hatua nyingine za ile safari zikaanza kufuatana.

Maamuzi na sababu zake

Hazina ilikuwa na hoja nzito kuliko ilivyosemwa mitaani. Makusanyo ya kodi yalikuwa yamepungukiwa na malengo mwaka baada ya mwaka. Kila yalipopungua, mgao wa kaunti ulibaki kama ulivyoandikwa katika sheria na pengo lote likaangukia serikali ya kitaifa, iliyolazimika kukopa au kukata miradi yake. Kwa mtazamo huo, bilioni 310 ilikuwa njia ya kuzitaka kaunti zibebe sehemu ya upungufu.

Tume nayo ilikuwa na hesabu iliyo wazi: chukua bilioni 314 za mwaka uliotangulia, ongeza asilimia 6.9, unapata 335.67. Dawa, mafuta na mishahara vimepanda, na kaunti inayopewa tarakimu ileile imepunguziwa bila kuambiwa. Hoja hiyo ina nguvu kwa upande wa mahitaji, lakini haisemi nyongeza ya bilioni 21.67 itoke wapi.

Bunge la Kitaifa liliamua kupitisha sheria ya matumizi ya taifa bila kusubiri mgao. Sababu ya karibu inaeleweka: polisi, walimu na deni la taifa haviwezi kusimama Julai 1. Ila uamuzi huo uliondoa haraka kwa upande mmoja wa meza. Ndio uamuzi ulioamua urefu wa mkwamo, na tutaurudia.

Seneti iliamua kusimama. Hapa kuna kumbukumbu ya 2013: mwaka wa kwanza wa ugatuzi mabadiliko yake yaliachwa kando, sheria ikatiwa sahihi bila hayo, na Mahakama ya Juu ikatoa ushauri Novemba mwaka huo kwamba Seneti ina nafasi katika mswada wa ugavi wa mapato na haiwezi kurukwa. Kukubali 310 haraka kungeirudisha Seneti kwenye hali ya kuwa mhuri.

Magavana waliamua kwenda mahakamani na wakati huohuo kuendelea kushinikiza kisiasa. Walijua kwamba ushauri wa mahakama hauji kwa wiki mbili. Walichotafuta ni kanuni ya miaka ijayo, na katika hilo waliona mbali.

Ndani ya hazina ya kaunti moja

Turudi kwenye kaunti yetu ya asilimia 2. Kwa pendekezo la Hazina ingepata Sh bilioni 6.2 kwa mwaka. Kwa pendekezo la Tume, bilioni 6.71. Ugomvi mzima, kwake, ulikuwa wa milioni 510. Mgao wake wa wastani kwa mwezi, kwa tarakimu iliyokubaliwa mwishoni, ni kama milioni 527. Yaani kilichogombaniwa Nairobi kwa mwaka mzima hakifiki hata mwezi mmoja wa kusubiri.

Afisa mkuu wa fedha wa kaunti kama hiyo ana milango minne Julai inapoanza. Wa kwanza ni salio. Hazina ya Kitaifa ina mazoea ya kutoa mgao wa Juni siku za mwishomwisho, kwa hiyo kaunti nyingi huvuka mwaka zikiwa na kitu benki. Pesa hizo lakini zina wenyewe: wakandarasi na wauzaji wa mwaka uliokwisha. Wa pili ni makusanyo ya ndani, ambayo Julai hadi Septemba huwa membamba kwa sababu msimu wa leseni na kodi ya ardhi ni miezi ya kwanza ya mwaka. Wa tatu ni kuliomba bunge la kaunti liruhusu matumizi ya hadi nusu ya makadirio kabla ya sheria ya matumizi kukamilika. Sheria inaruhusu, ila ruhusa ya kutumia akaunti isiyo na kitu ni karatasi tu.

Mlango wa nne ni mkopo wa muda mfupi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu mkopo wa kuendesha shughuli usiozidi asilimia 5 ya mapato ya kaunti yaliyokaguliwa karibuni. Kwa kaunti yenye mapato ya bilioni 7, hiyo ni milioni 350. Kanuni za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, ambayo hapa ni kama milioni 204 kwa mwezi. Kwa hiyo mkopo unabeba mishahara ya mwezi mmoja na nusu na kidogo, kama kaunti imejizuia. Kaunti iliyopitiliza ukomo wa mishahara, na zilikuwa nyingi, haifiki Septemba kwa mkopo huo.

Ndipo uchaguzi mgumu unafanywa, na mpangilio wake unafanana karibu kila mahali. Mishahara inatangulia. Ndani ya mishahara, kiasi cha mkononi kinatangulia makato: kodi ya mshahara (PAYE), bima, sacco na rejesho la mkopo wa benki vinasubiri. Hapo ndipo muuguzi anapoumia mara mbili. Hati yake ya mshahara inaonyesha rejesho limekatwa; benki inasema halijafika, na riba inaendelea kuhesabiwa kwa jina lake. Baada ya mishahara ni chakula cha wagonjwa na mafuta ya ambulansi, mara nyingi kwa mkopo wa mfanyabiashara wa mjini ambaye msimu ujao ataweka gharama ya kusubiri ndani ya bei ya maharagwe. Miradi ya maendeleo inasimama kabisa.

Dawa zina fundo lake. Sheria iliyopitishwa Mei 2019 ilizielekeza kaunti kununua dawa KEMSA, wakala wa serikali ya kitaifa, na KEMSA ina mazoea ya kuzuia shehena kwa kaunti zenye madeni sugu. Angalia mzunguko huo: taifa halijaachilia mgao, kaunti haiwezi kulipa wakala wa taifa, na wakala wa taifa hapeleki dawa kwa kuwa kaunti haijalipa. Mgonjwa anayeambiwa akanunue dripu nje ya lango hana namna ya kujua lawama ni ya ngazi ipi.

Matokeo

Tarakimu ya mwisho ilikuwa bilioni 316.5. Kutoka 310 ilipanda bilioni 6.5; kutoka 335.67 ilishuka bilioni 19.17. Seneti ilipata kama robo ya umbali. Ukilinganisha na mwaka uliotangulia, nyongeza ni bilioni 2.5, chini ya asilimia 1.

Kwa kaunti yetu, ushindi dhidi ya pendekezo la Hazina ni Sh milioni 130 kwa mwaka. Fedha zilizochelewa kwa kipindi chote cha mkwamo ni kama bilioni 1.3. Hazikupotea, zilikuja. Lakini mwaka wa fedha hauongezwi wiki 11 mbele. Zabuni zilizopaswa kutangazwa Agosti zilitangazwa Novemba, na mkandarasi wa barabara za vijijini akaanza kazi mvua kubwa za Machi zikimkuta ndani. Bajeti zilizopitishwa Juni kwa tarakimu tofauti zililazimika kurudishwa kwenye mabunge ya kaunti kwa bajeti ya nyongeza.

Mei 2020, mwaka wa fedha wenyewe ukikaribia kwisha, Mahakama ya Juu ilitoa ushauri wake. Mapendekezo ya Tume hayafungi mabunge, lakini hayapuuzwi. Sheria ya matumizi ya taifa haipitishwi kabla ya sheria ya ugavi wa mapato. Na upatanishi ukishindwa, kaunti zipewe kwanza asilimia 50 ya mgao wa mwaka uliotangulia.

Uchambuzi

Tuanze na kilichofanya kazi, maana hasira za wakati ule zilikifunika. Hapana upande uliomlazimisha mwingine. Mwaka 1964 majimbo yalinyimwa fedha na hayakuwa na pa kulilia. Mwaka 2019 kulikuwa na Seneti yenye uwezo wa kusema hapana na hapana hiyo ikasimama, kulikuwa na tume huru iliyoweka tarakimu mbadala mezani, na kulikuwa na mahakama. Kaunti zilikwama lakini hazikuhojiwa uhalali wake. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mfumo wa shirikisho na wa jamaa zake: inakuwa vigumu kwa kituo kimoja kubadilisha masharti usiku. Bila Seneti, mgao ungeshuka hadi 310 kimyakimya na magazeti yasingeandika zaidi ya siku mbili.

Faida ya pili haikuonekana Julai ile kwa sababu haifanyi kelele. Kabla ya ugatuzi, mji wa Wajir haukuwa na lami. Uliipata baada ya kaunti kuanza kupanga bajeti yake. Makueni iliweza kujaribu bima ya afya ya Sh 500 kwa kaya kwa mwaka bila kungoja nchi nzima ikubali. Mambo hayo hutokea pale watu wanaokaa karibu na tatizo wanapokuwa na bajeti. Anayeutaja mkwamo wa 2019 kama ushahidi kwamba ugatuzi umeshindwa anapaswa kuyaweka haya kwenye mizani ileile.

Sasa yaliyoshindwa. Kubwa kuliko yote ni kwamba mfumo ulikuwa na kanuni za kugawana na haukuwa na kanuni ya siku ya kutoelewana. Katiba ilitoa siku 30 za upatanishi na mwisho wake ikaweka shimo. Mtu anayebuni shirikisho mahali popote aanze na swali hilo: wakikataa kukubaliana, saa sita usiku ya siku ya mwisho, akaunti ya jimbo inasoma nini? Jibu likiwa sifuri, mwenye pesa ameshashinda mazungumzo kabla hayajaanza.

Na hilo linaturudisha Juni. Mkwamo uliziumiza pande mbili kwa vipimo tofauti kabisa. Wizara zilikuwa na sheria yao ya matumizi. Kaunti hazikuwa na kitu. Mjumbe wa upande mmoja aliweza kuvumilia mwaka mzima, wa upande wa pili alikuwa akipigiwa simu na wauguzi kila asubuhi. Ndiyo maana makubaliano yaliangukia karibu zaidi na 310. Ushauri wa Mahakama kwamba sheria ya ugavi itangulie ni mfupi, lakini unagusa kiini: pande zote mbili zilale na njaa moja, zitaelewana mapema.

Ya tatu ni utegemezi. Serikali iliyochaguliwa na wananchi wake, huku sehemu nane kati ya tisa za fedha zake zikitoka kwingine, ina uhuru wa kupanga na haina uhuru wa kusubiri. Dawa yake si rahisi. Kaunti zikipewa kodi kubwa, Nairobi na Mombasa zitanufaika na Mandera na Tana River zitaachwa, na fomula ya umaskini na ardhi ndiyo iliyowekwa kuzuia hilo. Kinachowezekana ni kaunti kuongeza kodi ya ardhi, ambayo katika nyingi bado inatozwa kwa thamani za miongo iliyopita.

Ya nne ni lawama. Mfumo wa ngazi mbili unampa kila kiongozi mtu wa kumwelekezea kidole. Wapo wasimamizi wa kaunti waliotumia mkwamo wa 2019 kueleza madeni ya 2016 na 2017. Deni la muuzaji wa miaka mitatu iliyopita halielezwi na mgao wa Julai hii. Bila kila kaunti kutangaza kila mwezi kilichoingia, tarehe kilipoingia na kilicholipwa, mwananchi hana kipimo.

Wengine walilifunga shimo hili kwa njia tofauti. India inaunda Tume ya Fedha chini ya Ibara ya 280 ya katiba yake, na asilimia inayopendekezwa ikikubaliwa inasimama kwa kipindi cha miaka mitano. Kwa kipindi cha 2021 hadi 2026 majimbo yalipangiwa asilimia 41 ya kodi zinazogawanywa. Ugomvi upo, ila ni wa mara moja kwa miaka mitano. Nigeria hugawa kila mwezi kwa uwiano uliokaa muda mrefu: asilimia 52.68 kwa serikali ya shirikisho, 26.72 kwa majimbo 36 na 20.60 kwa serikali za mitaa, baada ya asilimia 13 ya mapato ya mafuta kwenda kwa majimbo yanayoyatoa. Pesa zinafika. Lakini majimbo mengi yamezoea kungoja siku ya mgao na kulegea katika kukusanya kodi yake, na bei ya mafuta ikianguka wote wanaanguka pamoja.

Msomaji wa Tanzania analo shimo lake. Katiba ya Muungano inataja Akaunti ya Fedha ya Pamoja katika Ibara ya 133 na Tume ya Pamoja ya Fedha katika Ibara ya 134. Kwa miaka mingi akaunti haikufanya kazi kama ilivyoandikwa, na Zanzibar ikapewa asilimia 4.5 ya misaada ya kibajeti kama mpango wa muda. Mpango wa muda ulidumu, na ukawa miongoni mwa kero za Muungano. Pale ambapo kanuni haipo, mazoea hujaza nafasi, na mazoea humpendelea aliye na hundi mkononi.

Kanuni ya nusu iliyotokana na ushauri wa Mei 2020 ilifaa mkwamo wa sheria ya kwanza. Kwa kaunti yetu ya asilimia 2 ingekuwa bilioni 3.14, miezi sita ya kupumua. Mwaka 2020 sheria ya kwanza ilipita kwa bilioni 316.5 zilezile, ila mkwamo ulihamia sheria ya pili. Maseneta waligombana juu ya fomula mpya, kwa kuwa baadhi ya kaunti zingepoteza fedha na nyingine kupata. Kura zilishindikana tena na tena hadi Septemba 17, 2020. Walikubaliana kwa sharti kwamba fomula mpya ianze mwaka uliofuata, mgao ukiwa umepanda hadi bilioni 370, kusudi asiwepo anayeshuka. Bei ya makubaliano hayo ilikuwa bilioni 53.5, na katika wiki za kuyatafuta wauguzi walingoja mishahara kwa mara ya pili.